Fundi, Chipu na Polisi: Mazungumzo na Wakazi wa Juru

Tunawashukuru vijana walioketi kati yenu wakifasiri kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kinyankole. Kiswahili cha wengi wetu katika jeshi la polisi kilianza kwa amri za gwaride tu, kwa hiyo tusameheane pale ulimi utakapoteleza.

Tunapofika hapa huwa tumebeba habari za mbuzi walioibwa, mipaka ya mashamba, pombe haramu, au pikipiki zisizo na namba. Leo tumekuja kwa ajili ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kitu hicho ni chipu: kile kipande cheusi chenye miguu ya bati kinachokaa juu ya bodi ya simu, ya redio, ya betri ya sola na ya mita ya umeme. Tumekichagua kwa sababu kimetutia aibu, na mtu aliyetiwa aibu ni heri aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi cha kina mama wafugaji wa kuku kilikuwa na mashine ya kutotolesha mayai inayotumia umeme wa sola. Mayai ya kuku hukaa siku 21 katika joto la nyuzi 37 na nusu hivi, na anayelinda joto hilo usiku na mchana ni chipu moja iliyoandikwa programu. Siku ya tisa radi ilipiga karibu, na chipu ikafa. Kina mama wakamwita kijana wao fundi, ambaye alikuwa amehifadhi nakala ya programu ile tangu mashine ilipotengenezwa. Akaenda Mbarara, akanunua chipu mbili tupu, akarudi jioni ile ile akiwa na mfuko wake wa kazi.

Hakufika. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa kituo kimoja ambacho hatutakitaja walifungua mfuko wakakuta sanduku dogo lenye tundu la kijani na mkono wa chuma wa kubana, nyaya za rangirangi, chipu tupu, na simu tatu zilizofunguliwa. Walimuuliza sanduku lile ni la nini. Akajibu kweli: ni la kuandikia programu ndani ya chipu. Jibu hilo la kweli ndilo lililomponza. Askari wakaona wamemkamata mtu anayebadilisha simu za wizi. Akalala mahabusu usiku wa kwanza, akalala wa pili. Kina mama walizungushia mashine mablanketi, wakawasha jiko la mkaa, wakapokezana zamu ya kulichochea. Joto la jiko la mkaa halisikii nyuzi 37 na nusu. Mayai yakaoza yote.

Kijana aliachiwa bila shtaka lolote. Simu tatu zilikuwa za majirani, na kila mmoja alikuja akaitambua yake. Tulikwenda kwa kina mama kuomba radhi. Walitupokea kwa chai, jambo lililotuumiza kuliko kama wangetufukuza. Askari wale si watu wabaya. Hawakuwahi kufundishwa kutofautisha kifaa cha fundi na kifaa cha mwizi, kwa sababu kwa macho vinafanana. Nyundo ya seremala na nyundo ya mvunja nyumba ni nyundo ile ile.

Kisa hakikuishia hapo. Fundi aliporudishiwa sanduku lake alijaribu kuandika programu katika chipu ya kwanza, ikakataa. Ya pili ikakubali. Zote mbili zilikuwa na maandishi sawa mgongoni, zilitoka duka moja, kwa bei moja. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na tuliyojifunza kwake na kwa wenzake ndiyo tunayowaletea.

Kwanza, chipu ni nini. Zipo zilizozaliwa na kazi moja, zikatoka kiwandani zikiijua, na zitakufa zikiijua hiyo tu. Zipo nyingine zinazotoka kiwandani tupu kama daftari la mwanafunzi siku ya kwanza. Hizo ndizo zinazoandikwa. Mwaka 1978 kampuni ya Kimarekani iitwayo Monolithic Memories ilitoa chipu za mantiki zilizoitwa PAL. Ndani mlikuwa na fyuzi ndogo mno. Kifaa cha kuprogramu kiliunguza baadhi na kuacha nyingine, na mpangilio wa zilizobaki ndio ulioamua chipu ifanye nini. Fyuzi ikishaungua hairudi, kwa hiyo ukikosea umetupa chipu. Mwaka 1985 kampuni ya Lattice ikaleta aina ya GAL, ambayo hufutwa kwa umeme na kuandikwa upya. Leo chipu zilizo ndani ya sola zenu na mashine zenu ndogondogo ni wajukuu wa ukoo huo na wa koo za jirani: huandikwa, hufutwa, huandikwa tena.

Tangu zama za PAL wenye programu walitaka kufunga mlango. Mtu ametumia miezi kutunga programu; hataki jirani aisome na kuinakili kwa dakika mbili. Ndipo ikawekwa fyuzi ya usalama. Ikishawekwa, chipu hufanya kazi yake kama kawaida, lakini ukiiuliza ina nini ndani, hunyamaza au hutoa upuuzi.

Hapa, ndugu mafundi, tunaomba mkae vizuri, kwa sababu tumeambiwa na wenzenu kwamba hasara nyingi huanzia hapa. Unaiweka chipu ya mteja katika kifaa chako, unaisoma, na kompyuta inakuletea herufi zile zile zinazojirudia toka mwanzo hadi mwisho. Fundi mwenye haraka husema: hii ni tupu, au imekufa. Huenda si tupu wala haijakufa. Imefungwa. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, kufuli litaondoka kweli, maana chipu nyingi zimeundwa hivyo. Lakini litaondoka pamoja na programu yote. Mteja alileta mashine yenye ugonjwa mdogo, atarudi nyumbani na sanduku la bati. Na wewe huna nakala, na aliyeitengeneza yuko nchi ambayo hujawahi kuisikia. Kama huna nakala, usifute. Mwambie mteja ukweli, hata kama ukweli huo utampeleka kwa fundi mwingine.

Turudi kwenye chipu iliyokataa. Sisi, kwa tabia ya kazi yetu, tulitaka kumkamata muuza duka mara moja. Kijana akatuzuia. Alisema chipu ikikataa kuandikwa, lawama ya kwanza huiendea meza ya fundi, si duka. Akaanza kupanga sababu mbele yetu, na tuliandika kama wanafunzi. Miguu ya chipu iliyokaa muda mrefu hushika kutu nyepesi ambayo jicho halioni. Isafishwe kwa spiriti. Tundu la kifaa nalo huchoka, mguu mmoja usiposhika kazi yote hulala. Umeme unaotoka kwenye kompyuta mpakato kupitia kebo ndefu hufika umechoka, na chipu inayohitaji volti 5 haiandikiki kwa volti 4. Kinyume chake, chipu ya volti 3.3 ukiipa 5 waweza kuiua palepale. Kama chipu bado imelehemiwa kwenye bodi, vitu vingine vya bodi hiyo vinaweza kuvuta nyaya zile zile unazotumia kuandikia, ing'oe kwanza. Halafu kuna jambo la majina: chipu mbili huitwa jina moja, lakini moja ina herufi A mwishoni na nyingine B au D, au zimetengenezwa na viwanda viwili, na kila moja huandikwa kwa utaratibu wake. Ukichagua jina lisilo sahihi kwenye orodha ya kompyuta, chipu nzuri itaonekana mbovu. Na mwisho, kuandika si kumaliza: baada ya kuandika, soma tena na kulinganisha kabla hujaweka fyuzi ya usalama, maana ukishaifunga hutaweza tena kulinganisha.

Alipomaliza hayo yote, na chipu bado inakataa, ndipo alipoiuliza utambulisho wake. Chipu nyingi za siku hizi zina namba ya utambulisho iliyowekwa na kiwanda, ambayo kifaa cha kuprogramu huisoma kabla ya kuandika. Maandishi ya mgongoni yalisema aina moja. Utambulisho wa ndani ukasema nyingine, ndogo na ya bei nafuu. Mtu fulani, mahali fulani kabla ya Mbarara, alikuwa amekwangua mgongo wa chipu ya bei ndogo na kuichapa jina la ile ya bei kubwa.

Udanganyifu huu ni wa dunia nzima, wala msidhani ni wa kwetu maskini tu. Katika mji wa Guiyu, jimbo la Guangdong nchini China, kwa miaka mingi taka za kompyuta kutoka nchi tajiri zilipashwa moto, chipu zikang'olewa, zikaoshwa, na baadhi zikarudi sokoni zikiwa na sura mpya. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti ya uchunguzi wake: ilikuta visa vipatavyo 1,800 vya vipuri vya elektroniki vinavyoshukiwa kuwa bandia katika mnyororo wa ununuzi wa jeshi, na jumla ya vipuri hivyo ilizidi milioni moja. Ikiwa jeshi lenye mabilioni liliuziwa bandia, muuza duka wa Mbarara naye anaweza kuuziwa bila kujua. Ndiyo maana hatukumkamata. Tulimwonyesha, naye akarudisha fedha na kututajia alikonunua.

Zipo dalili ambazo hata asiye na kifaa anaweza kuzitazama. Chipu huwa na kijishimo cha mviringo kinachoonyesha mguu wa kwanza. Kwenye iliyokwanguliwa na kupakwa rangi upya, kijishimo huwa kimejaa nusu au kimepotea. Miguu iwe ya rangi moja, isiwe na michubuko ya tundu wala madoa ya risasi ya kulehemu, kama inauzwa kuwa mpya. Pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha ikisuguliwa mgongoni na kutoka nyeusi, shuku. Tunasema shuku, hatusemi hukumu, kwa kuwa zipo chipu za zamani zilizo halali ambazo maandishi yake yalichapwa kwa wino, na wino hufutika.

Kuna tukio lingine tunapenda lijulikane, hasa na wenzetu wa polisi watakaosoma jarida hili. Mwezi Oktoba 2014, kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, inayotengeneza chipu zinazounganisha kebo na kompyuta, ilichoshwa na bandia za chipu zake. Programu mpya ya kuendeshea kebo hizo ikasambazwa kwa njia ya maboresho ya Windows, na kila ilipokutana na chipu bandia iliifanyia namba yake ya utambulisho kuwa sifuri. Kompyuta haikuitambua tena. Waliobuni bandia hawakupata hasara yoyote, walikuwa wameshauza. Walioumia ni watu walionunua kebo kwa nia njema na wasijue imebeba nini. Kelele zikawa nyingi, na programu ile ikaondolewa. Tunapomnyang'anya fundi wa Juru kebo yake, tuwakumbuke watu hao.

Sasa tutoke kwenye meza ya fundi, twende kwa kila mmoja wetu aliye na simu mfukoni. Memori kadi za bei ya chini mno, zilizoandikwa uwezo mkubwa, ni mfano rahisi wa chipu iliyofundishwa kusema uongo. Ndani yake mna chipu ndogo inayosimamia hifadhi, na mdanganyifu ameiandika iiambie simu kwamba ina gigabaiti 64 ilhali ina 4. Simu huamini. Picha za kwanza zinakaa. Baada ya hapo kila mpya inaandikwa juu ya ya zamani, au inaandikwa hewani. Tumemwona baba aliyepoteza picha zote za harusi ya bintiye namna hiyo, na alikuwa amekuja kituoni kushtaki kwamba amerogwa. Kadi haipimwi kwa kuitazama. Mwombe fundi aijaze yote mpaka juu kwa mafaili, kisha ayasome tena moja baada ya jingine. Zipo programu za bure za kazi hiyo. Huchukua muda, lakini ni afadhali kumlipa fundi muda wake kuliko kulipia harusi ya pili.

Na simu yenyewe ina namba yake, IMEI, ambayo mnaipata kwa kubonyeza *#06#. Ni tarakimu 15. Nane za mwanzo hutaja aina ya simu, sita zinazofuata hutaja simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Tuwafundishe hesabu yake, maana watoto wenu wa shule wataipenda. Chukua namba ambayo hutumiwa kama mfano wa kufundishia: 490154203237518. Weka kando ile 8 ya mwisho. Katika 14 zilizobaki, kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili, na ikizaa tarakimu mbili zijumlishe: 9 inakuwa 18, yaani 1 na 8, ambayo ni 9. Jumlisha zote, zilizozidishwa na ambazo hazikuzidishwa. Utapata 52. Ili kufika 60 inahitajika 8, nayo ndiyo iliyokuwa mwisho. Simu ambayo hesabu yake haifiki kwenye kumi kamili ina namba iliyobuniwa na mtu asiyejua hesabu. Ole wetu, wapo wanaojua hesabu, na wapo wanaonakili namba ya simu halali na kuipachika kwenye mia bandia. Kwa hiyo hesabu ikikataa una sababu ya kukataa simu, bali ikikubali hujamaliza kukagua. Linganisha namba ya kwenye kioo na ile ya kwenye sanduku na ile ya chini ya betri, na utazame kama aina inayotajwa ndiyo simu unayoishika.

Majirani zetu wameshalipia somo hili. Kenya ilizima simu bandia mitandaoni kuanzia usiku wa tarehe 30 Septemba 2012. Tanzania ikazima tarehe 16 Juni 2016. Mwananchi aliyelala akiwa na simu aliamka akiwa na kioo cha kujitazamia. Ninyi mlio hapa karibu na Kagera, mnaovuka na kuvukiwa na biashara kila siku, mnafahamu kwamba bidhaa iliyofukuzwa upande mmoja hutafuta njia ya kwenda upande mwingine, na hutafuta kwanza soko la mpakani.

Hapo ndipo mstari wetu ulipo, nasi tunataka uonekane wazi kuliko mstari wa mpaka wenyewe. Fundi anayerudisha programu iliyoharibika, anayebadilisha chipu iliyoungua, anayefungua simu ya mtu aliyesahau namba ya siri na akathibitisha ni yake, huyo anafanya kazi. Fundi anayebadilisha IMEI ili simu isitambulike, huyo anaufuta ushahidi, awe ameiba mwenyewe au ameletewa. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kubadilisha bila ruhusa yaliyomo ndani ya kompyuta ni kosa katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Na simu ni kompyuta, hata kama imefungwa kwa mpira. Usiseme niliambiwa na mteja. Mteja mwenye simu yake halali hana haja ya kuibadilisha jina.

Tunaulizwa sana kuhusu sola za kulipa kidogokidogo, zile zinazozima usipolipa. Swali ni gumu, na hatutajifanya ni jepesi. Mama ana watoto wanaosoma usiku, posho imechelewa, taa imezima, na jirani anasema kwa elfu chache fundi ataiondoa ile chipu inayofunga. Tunaelewa uchungu wake. Lakini kifaa hicho bado ni mali ya aliyekopesha mpaka malipo yaishe, na makampuni yakiona Juru sanduku nyingi zinavunjwa, hayataleta nyingine. Atakayekosa taa ni jirani ambaye hajakopa bado. Isitoshe, chipu hiyo hiyo inayofunga mara nyingi ndiyo inayoilinda betri isijae kupita kiasi. Ukiipita kwa waya, umeipita na kinga ya moto, ndani ya nyumba ya turubai na nyasi. Nenda kwa wakala, eleza hali yako, omba kupangiwa upya. Kama umemaliza kulipa na kifaa bado kimefungwa, hiyo ni haki yako: njoo na risiti zako, tutakwenda pamoja.

Kwa wale wenye ndugu mjini, kuna mfano mzuri wa namna chipu inavyobadilishwa kihalali. Mita za malipo ya kabla, zile tunazoziita Yaka, hupokea umeme kwa namba za tarakimu 20, na kila namba imebeba muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni dakika 16,777,216, nayo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikubadilishwa kabla ya siku hiyo isingepokea umeme tena. Basi wateja wakapewa namba za ziada, wakazibonyeza wenyewe ukutani kwao, na chipu ndani ya mita ikabadilishwa ufunguo wake. Hakuna aliyefungua kifuniko. Hakuna aliyekata lakiri. Mita ilizikubali namba hizo kwa sababu zilitoka kwa mwenye ufunguo. Kwa hiyo akija mtu mlangoni na bisibisi, akasema ametumwa kurekebisha mita yako na kwamba afungue kidogo tu, mwambie asubiri, kisha uulize ofisi ya umeme. Adhabu za kuchezea mita ziliongezwa sana katika marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022, na atakayekutwa na mita iliyofunguliwa ni mwenye nyumba, si yule wa bisibisi.

Tunawaomba mafundi jambo moja ambalo gharama yake ni daftari la shilingi chache. Kila kifaa kinachoingia kiandikwe: tarehe, jina la aliyeleta, namba ya kadi yake ya ukimbizi au kitambulisho cha taifa, IMEI au namba ya kifaa, ugonjwa wake, na ulichokifanya. Kama umebadilisha chipu, andika ya zamani iliyokuwemo na uirudishe kwa mteja katika karatasi. Anayekataa kuandikwa, mrudishie simu yake kwa adabu. Daftari hilo lingemtoa kijana wetu kizuizini kwa dakika kumi. Lakini lihifadhini vizuri, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawahusu pia. Majina ya watu na picha zilizo katika simu zao si hadithi za kijiweni. Baadhi yenu hapa mmekimbia watu ambao mpaka leo wangefurahi kujua mnaishi mtaa gani.

Nasi tumejiwekea deni. Kifaa cha fundi kikichukuliwa kama kielelezo, kiandikwe katika daftari la vielelezo na mwenyewe apewe karatasi yenye maelezo yake. Askari asipokielewa, aite fundi mwingine anayeaminiwa na mtaa amweleze kabla ya kumfungia mtu. Na mjue haki hizi, awe raia au mkimbizi, kwa sababu Katiba haikuzigawa: mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na dhamana ya polisi haina malipo, hata senti moja. Atakayewadai fedha ya dhamana, chukueni jina na namba yake mtuletee. Dharura ni 999 au 112, kwa simu yoyote yenye mtandao.

Kijana tuliyemsimulia yuko hapa leo, ameketi nyuma karibu na mlango, na ameomba tusimtaje. Amekubali kuja kituoni Jumatano mbili za mwezi ujao kuwaonyesha askari wetu kifaa chake kinavyofanya kazi, naye atalipwa nauli na chakula cha mchana. Chipu bandia ameiacha kwetu. Tumeibandika kwenye ubao wa mapokezi pamoja na ile ya kweli, ili kila anayeingia azitazame na kujaribu kuzitofautisha. Sisi wenyewe bado tunakosea. Kina mama wameweka mayai mapya Jumapili iliyopita, na tulipopita asubuhi hii mashine ilikuwa inasoma 37.6.

Sasa tuanze na maswali, na mafundi watangulie.